SOMO LA AFYA: KUMLINDA MZEE NYUMBANI WAKATI WA MLIPUKO



Sudan Kusini ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 5 Aprili 2020. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si dharura ya dunia tena. Lakini virusi vyake bado vipo, na mlipuko mwingine wa ugonjwa wa kifua unaweza kuja. Wazee ndio waliokufa kwa wingi zaidi kwa korona. Basi tujiandae mapema.

Mara nyingi tuliambiwa: "Mtenge mzee katika chumba chake." Hapa Sherikat, na huko kambini, familia nyingi hulala chumba kimoja au tukul moja. Je, tufanye nini? Fuata hatua hizi.

1. Zungumza na mzee kwanza
Usimpangie mambo kama mtoto. Mweleze ugonjwa unavyoenea, kisha umwombe yeye mwenyewe awatangazie watu wa nyumbani kanuni. Jirani akija na kunyoosha mkono, kijana akimzuia huonekana hana adabu. Babu au haboba akisema, "Tusalimiane kwa mbali kwa sasa," hakuna atakayekasirika.

2. Chagueni mtu mmoja wa kumhudumia
Awe mtu mzima mwenye afya na asiyezunguka sana sokoni. Huyo ndiye ampelekee chakula, amwogeshe na ampe dawa. Avae barakoa akiwa karibu naye, na anawe mikono kabla ya kumgusa. Chagueni na wa pili, ili wa kwanza akikohoa au akipata homa abadilishwe siku hiyo hiyo. Watoto wanaweza kubeba virusi bila kuonekana wagonjwa, kwa hiyo wasilale naye kitanda kimoja.

3. Tafuta hewa safi
Mlaze karibu na dirisha au mlango, mbali na wengine kadiri nafasi inavyoruhusu, angalau mita 1. Mchana akae nje kivulini, na wageni waongee naye huko huko. Usiku atumie chandarua. Jiko la makaa lisiwekwe ndani alipolala, maana hewa yake huua.

4. Chakula na maji
Tumezoea kula pamoja katika sinia moja. Wakati wa mlipuko mzee awe na sahani na kikombe chake. Ili asijione ametengwa, mpakulie yeye kwanza, na mle wakati mmoja, mmeketi kwa nafasi.
Wengi wetu hununua maji ya magari ya matangi, na si rahisi kunawa kila mara. Toboa tundu dogo karibu na kitako cha dumu la lita 5, uzibe kwa kijiti, ulitundike mlangoni. Maji kidogo yatanawisha watu wengi. Tumia sabuni. Ikikosekana, jivu husaidia.

5. Dawa zake zisikatike
Mzee mwenye presha, kisukari au kifua kikuu aendelee na dawa zake. Hesabu vidonge kila wiki. Vikibaki vya siku 7, uliza kituoni utapataje vingine. Uliza pia kama kuna chanjo inayomfaa.

6. Tambua dalili za hatari
Mzee anaweza kuugua sana bila joto la mwili kupanda. Angalia kama amekataa chakula, analala kupita kawaida, anaanguka, au amechanganyikiwa ghafla. Akiwa na joto, apimwe na malaria pia.
Mpeleke kituo cha afya mara moja ikiwa:
- anapumua kwa shida, au zaidi ya mara 30 kwa dakika akiwa ametulia (hesabu dakika nzima kwa saa au simu);
- kifua kinambana;
- midomo imegeuka rangi ya buluu;
- hawezi kunywa au haamki vizuri.
Usingoje asubuhi. Andika leo namba ya simu ya jirani mwenye gari. Mgonjwa aliyeishiwa nguvu huweza kuanguka kwenye bodaboda, hasa barabara ikiwa na matope.

7. Usimwache peke yake
Mzee aliyefichwa ndani bila mtu wa kuongea naye hukata tamaa, huacha kula, na hakuna anayeona dalili zake zinapoanza. Mpigie simu ndugu aliye mbali wazungumze. Mpe kazi anayoiweza, kama kuchambua mboga au kusimulia hadithi huku watoto wameketi mbali kidogo.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI
(a) Nani atamhudumia mzee wetu? Akiugua, nani atashika nafasi yake?
(b) Dawa zake zimebaki za siku ngapi?
(c) Akizidiwa usiku, tutampeleka wapi, kwa usafiri gani?

Jadilini maswali haya leo jioni, mzee mwenyewe akiwapo.

Mhudumu wa afya wa kujitolea, Sherikat