Anza na Meli, Serengeti Itafuata

Barabara ya Musoma inayopita Nyakato, Mwanza, hii hii ya daladala na malori ya mizigo, ndiyo inayofika kwenye lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ni lami mwanzo hadi mwisho: Kisesa, Magu, Lamadi, kisha lango lenyewe pembeni mwa barabara. Hazifiki kilomita 150. Mtu anayetoka Arusha mjini ana safari ndefu kuliko hiyo, tena hulazimika kukatiza Ngorongoro na kulipia huko kabla hajaligusa lango la Naabi. Hata hivyo familia nyingi za kwetu zimeisubiri likizo ya mbugani miaka nenda miaka rudi, zikiamini Serengeti ni ya watu wa Kaskazini na wageni wao. Ikiwa akiba yako imetimia, iwe kwa kikoba au kwa mafao ya kustaafu, nakushauri usiishie kwenye nyumbu. Iunganishe likizo hiyo na ziwa: Serengeti kwa gari, Bukoba kwa meli ya usiku, kisiwa cha Rubondo kwa boti, halafu nyumbani kupitia Geita. Ni duara moja, hurudi nyuma ila kipande cha Lamadi hadi Mwanza.

Wengi hupanga safari ya namna hii kwa kuanza na gari. Mimi nasema anza na meli. Gari unalikodi siku uitakayo, dereva akichelewa utamsubiri, njia ikiharibika utalala mbele kidogo. Meli ina siku zake chache kwa wiki na saa yake ya kung'oa nanga, wala haimsubiri mtu. Nenda bandarini mwenyewe, ulizia ratiba ya mwezi unaoutaka, kwa sababu hubadilika meli inapoingia matengenezo. Ukishajua usiku wa kuondoka, hesabu kurudi nyuma: siku moja ya kupumzika na kufua nguo nyumbani, na kabla yake siku zako za Serengeti. Anayetoka mbugani jioni akitegemea kuwahi meli usiku huo huo anajitafutia machozi.

Mwezi bora kwetu ni Juni. Mvua za masika zimeshapungua, shule zimefungwa, na mara nyingi kati ya Mei na Julai makundi ya nyumbu huwa upande huu wa magharibi, kuelekea mto Grumeti na mamba wake. Nasema mara nyingi kwa sababu nyumbu hufuata mvua na majani, hawafuati kalenda. Wiki moja kabla ya kwenda, wapigie askari wa hifadhi pale Ndabaka uwaulize makundi yako wapi. Wao huyaona kila siku.

Udongo wa ukanda huu ni mweusi na mzito. Ukilowa, hata gari lenye nguvu za magurudumu yote manne hukwama, na gari dogo la mjini halifai kabisa. Kodi Land Cruiser na dereva aliyekwisha kuendesha katika njia ya Ndabaka. Uzoefu wake una thamani kuliko paa linalofunguka. Mkiwa sita au saba gharama ya gari hugawanyika vizuri. Jazeni mafuta Lamadi.

Lamadi pia ndipo pa kulala. Gesti zipo za bei ya kawaida, na ukilala hapo utakuwa langoni saa 12 asubuhi linapofunguliwa, wakati simba na fisi bado wako njiani. Watu hulala Mwanza, huondoka saa 2, hufika langoni jua limeshawaka na wanyama wameshaingia vivulini, kisha hulalamika kwamba Serengeti haina kitu. Kama mna siku moja tu ndani, msikimbilie Seronera, katikati ya hifadhi: ni zaidi ya kilomita 100 kwenda, na mtaiona hifadhi kupitia vumbi la gari lenu wenyewe. Bakini huku magharibi, Kirawira na kando ya Grumeti. Zimeni injini, mkae. Mkiwa na usiku mmoja au miwili ya kulala ndani, hapo Seronera ina maana.

Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni, lakini uraia huthibitishwa. Bebeni vitambulisho vya NIDA, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Walio chini ya miaka 5 hawalipi. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, kwa benki au simu, kwa hiyo yamalizeni mapema, na ulizeni kibali chenu kinaisha saa ngapi ili msitozwe tena mnapotoka.

Sasa meli. MV Victoria Hapa Kazi Tu, iliyorudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa, hubeba abiria 1,200 kutoka Mwanza hadi Bukoba kupitia Kemondo. Kata tiketi siku kadhaa kabla, maana vyumba vya kulala huisha upesi. Kwa wazee na watoto wadogo lipieni chumba: usiku ule ni malazi na nauli kwa pamoja, na watashuka asubuhi wakiwa na nguvu. Vijana wakae daraja la chini kama wanapenda, ila wachukue sweta, kwa sababu upepo wa ziwa usiku wa Juni ni mkali.

Sisi wa Mwanza hatupandi meli bila kuikumbuka MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 na mamia ya watu wetu. Ndiyo maana nasisitiza: mkishaweka mizigo, tafuteni jaketi okozi ziliko, vaeni moja moja mjaribu, wapo watoto ambao za wakubwa huwavuka vichwa. Chombo kikionekana kuzidiwa, shukeni. Nauli itatafutwa nyingine.

Amkeni alfajiri muione pwani ya Bukoba ikijitokeza, na kisiwa cha Musira mbele yake, ambako zamani Wahaya walikuwa wakiwapeleka watu waliohukumiwa kutengwa. Bukoba yenyewe inatosha siku moja: matoke, kahawa, na senene wakavu wa kurudi nao.

Kipande cha mwisho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Toka Bukoba kwa barabara ya Muleba hadi Muganza, wilaya ya Chato, shuka Kasenda, na boti itawavusha hadi Rubondo kwa muda mfupi. Boti hiyo na nyumba za kulala Kageye vyote huagizwa kwa ofisi ya hifadhi kabla hamjaondoka Mwanza. Usiende kubahatisha ufukweni. Rubondo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977. Sokwe wake ni uzao wa sokwe walioletwa katika miaka ya 1960 kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungiwa, wakafunguliwa katika msitu huu na kuzaliana. Kuwafuatilia ni kutembea kwa miguu saa nyingi, kwa hiyo wazee wabaki kando ya maji kutafuta swala aina ya nzohe na tai wavuvi. Kisiwani hakuna simba, lakini viboko na mamba wapo tele, na usiku haifai kutoka nje peke yako.

Kurudi ni Geita, Sengerema na daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko iliyokuwa ikimla mtu nusu siku imekwisha, na ukitoka Rubondo asubuhi utakula chakula cha jioni Nyakato.

Na kuhusu afya: Serengeti magharibi na Rubondo kote kuna mbung'o. Nguo za buluu na nyeusi huwavuta, vaeni kaki au rangi ya majani makavu, mikono mirefu. Watoto wasiogelee kwenye maji yaliyotulia ya ufukweni, kichocho kipo. Na mtu yeyote akipata homa katika wiki zinazofuata, apimwe malaria kama kawaida, lakini amwambie daktari waziwazi kwamba aliumwa na mbung'o hifadhini, ili apimwe malale pia.