Robo eka ya mhitimu wa kidato cha nne

Mitihani ya kidato cha nne inamalizika mwezi huu wa Novemba, wakati sisi wa Makambako, Wanging'ombe na vijiji vyote vya ukanda huu tunatazama mawingu. Matokeo hutoka Januari, na waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti Julai. Itazame kalenda hiyo kwa jicho la mkulima: kijana wako amepata msimu mzima wa mahindi bila mtu yeyote kuupanga. Anarudi nyumbani mbegu inapotafutwa, anaondoka gunia linaposhonwa.

Wengi wetu tunauchezea msimu huo. Tunamkabidhi jembe, tunamwonyesha pa kuanzia, basi. Ikifika Februari yuko stendi, kwenye kijiwe cha bodaboda, anabembeleza afundishwe kuendesha, nasi tunalalamika kuwa vijana wa siku hizi hawataki kilimo.

Mzazi, safari hii mkatie robo eka iwe yake. Usimpe kile kipande cha bondeni kinachotuama maji, wala kile cha changarawe ulichokitelekeza. Mpe mahali ambapo wewe mwenyewe ungepanda, karibu na nyumbani, apite kila siku.

Najua yupo mzee atakayesema kijana alishajifunza kilimo shuleni. Shamba la shule lilikusudiwa hivyo, na Mwalimu Nyerere aliliandika wazo hilo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Lakini shule nyingi nilizopita, jembe limebaki la waliochelewa namba na waliopiga kelele darasani. Aliyelima miaka minne kama adhabu hawezi kulipenda shamba kwa kuambiwa tu kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa.

Anzeni na mbegu. Nendeni pamoja duka la pembejeo, yeye ndiye adai risiti. Akague lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye paketi, akwangue na kuihakiki namba kwa simu kabla hamjaondoka dukani. Paketi tupu na risiti vihifadhiwe hadi mavuno. Mbegu ikigoma kuota, hivyo ndivyo vitakavyokusemea. Kwa mbolea ya ruzuku, pitieni kwanza ofisi ya kijiji au mtaa kuhakikisha taarifa zako ziko sawa, maana bila namba ya mkulima utarudi mikono mitupu.

Kisha kamba. Ifungeni mafundo kila sentimita 60, na kati ya mstari na mstari ziwe sentimita 75. Kila fundo shimo, kila shimo mbegu mbili. Hapo mwachie kalamu, ametoka kwenye mtihani wa hisabati juzi tu. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Shimo moja linachukua 0.45, mashimo yanakuwa 2,200 na ushee. Mbegu zinazohitajika ni kama 4,400, na kwa kawaida paketi ya kilo 2 inatosha, ikabaki kidogo ya kurudishia pasipoota. Mbolea ya DAP ni kizibo kimoja cha soda kwa shimo, takribani gramu 5, hivyo kilo 11 zinatosha robo eka. Msikiamini kizibo kwa macho: pimeni vizibo 20 kwenye mizani ya dukani, mgawanye. Nimeona wazee waliolima miaka mingi wakishtuka kugundua kwamba mkono wao ulikuwa unamwaga mara mbili ya kipimo.

Mbolea ikishaingia shimoni, ifukieni kwa udongo kidogo ndipo mbegu idondoke juu yake. Zikigusana, mbegu inaungua. Wala msipande kwa mvua moja ya kudanganya. Kijana afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye simu, naye babu au bibi achimbe aone unyevu umeshuka kiasi gani. Wakibishana ni vizuri. Wote wawili watajifunza.

Palizi ya kwanza isizidi wiki ya tatu. Urea ya kukuzia ingoje mahindi yafike magotini, magugu yawe yameshang'olewa na udongo uwe na unyevu, vinginevyo mnayalisha magugu.

Kazi inayomfaa kijana kuliko zote ni kusaka viwavijeshi vamizi, ambao walithibitishwa nchini mwaka 2017 na hawajatuacha. Mara mbili kwa wiki, asubuhi au jioni, azunguke robo eka yake akifunua moyo wa mche, pale majani machanga yanapochipukia. Akiona madirisha meupe kwenye majani na kinyesi kama unga wa mbao uliolowa, amtafute mhusika: usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangwa mraba. Akiwa bado mdogo dawa inampata. Akishanenepa na kujichimbia ndani ya moyo wa mche, unamwaga hela. Kuhusu dawa yenyewe, muulizeni afisa ugani, si muuza duka mwenye mzigo wa kumaliza.

Yote haya yaandikwe daftarini: tarehe ya mvua, ya kupanda, ya palizi, kila shilingi iliyotoka. Na binti apewe robo eka kama kaka yake. Ila kama kuchota maji na kupika vitabaki vyake peke yake, shamba hilo halitapaliliwa kwa wakati, na lawama isimwendee yeye.

Mahindi yakishapukuchuliwa, chukueni chupa kavu ya kioo, mtie punje hadi robo na vijiko viwili vya chumvi kavu. Tikiseni dakika chache, muache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisheni mahindi juani. Mahindi mabichi ghalani ni karamu ya dumuzi, yule wengine wanayemwita Skania, na ukungu wa mahindi hayo ni hatari kwa walaji.

Limebaki la fedha, ambalo ndilo huvunja nyumba. Mapatano yafanyike kabla ya kupanda, mbele ya mama yake au mjomba, kwa kuandika: nani amelipia mbegu na mbolea, zitarudishwa vipi, na salio ni la nani. Kijana aende mwenyewe sokoni, auze kwa kilo kwenye mizani, akatae lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Baba akikopa katika hela hiyo, deni liandikwe kwenye daftari lilelile, na lilipwe kabla ya Julai, maana kidato cha tano kina godoro, ndoo na nauli.