Pasipoti yangu iko kwa kishoka

Mimi ni mama mjane wa huku Soni, Lushoto. Nalima kabichi na karoti. Binti yangu ameolewa Ujerumani na amejifungua mtoto wa kwanza, akanialika nikakae naye miezi mitatu. Alinitumia milioni nane nikaziweka benki kwenye akaunti mpya, nikapanda basi hadi Dar, ubalozini. Nimenyimwa viza. Wamesema hawana hakika kama nitarudi. Mkwe wangu anasema siku hizi kuna kibali cha kuombea kwenye simu. Na kuna kijana hapa mjini anasema kwa milioni moja na nusu atanitengenezea statimenti ya miezi sita na hati ya kiwanja, viza nje nje. Pasipoti yangu anayo yeye. Nimpe hizo hela?
Mama wa Soni

Shikamoo mama, na hongera kwa kupata mjukuu.

Kabla ya mengine yote, nenda kaichukue pasipoti yako. Leo hii, na uende na mtu mzima mwenzako. Akikupiga kalenda, toa taarifa polisi, kisha Uhamiaji. Hela usimpe hata mia. Tena sisemi hivyo kwa kuogopa tu kwamba atakula fedha yako na kuzima simu, ingawa vishoka wengi ndivyo wanavyofanya. Naogopa zaidi kwamba atakutengenezea kweli hizo karatasi, nawe uzipeleke. Ubalozi unaweza kuuliza benki kama akaunti ipo. Alama za vidole ulizotoa zimo kwenye hifadhi moja inayotumiwa na nchi zote 29 za Ulaya zinazotoa viza ya pamoja ya Schengen, na kumbukumbu ya ombi lako hukaa humo miaka mitano. Kwa sasa humo unasomeka kama mama aliyekosa viza mara moja, jambo lililowapata maelfu. Ukipeleka karatasi ya kughushi utasomeka vingine kabisa, na kughushi ni jinai huku kwetu na kule kwao.

Sasa tuje kwenye barua ya kukunyima. Pengine uliona haya kurudi nayo kijijini. Usione haya. Ile ni fomu iliyokwisha kuchapishwa, sababu zimepangwa kwa mstari, afisa anatia tiki tu. Kwako alitia kwenye mashaka ya kurudi. Jiweke kwenye kiti chake: mbele yake kuna mjane asiye na mshahara, anakwenda kwa binti mwenye kichanga, ameomba siku 90 ambazo ndizo za mwisho kuruhusiwa katika kila siku 180, na akaunti yake imezaliwa juzi ikiwa na milioni nane zilizotoka huko huko Ujerumani. Zile milioni nane, mama, ndizo zilizokuponza kuliko umaskini wowote. Binti alitenda kwa mapenzi, lakini fedha isiyo na historia humfanya afisa aanze kushuku hata yale yaliyo kweli.

Afisa hakuiona Soni. Hajui kwamba wiki moja ukikosekana shambani kabichi zinapasuka, wala kwamba wenye malori ya Dar wanakupigia wewe simu. Mambo haya huku milimani yanajulikana kwa kuonekana, hayana karatasi. Kazi yako ni kuyatafutia karatasi za kweli.

Anza na shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kukupa hatimiliki ya kimila, na inamtambua mwanamke sawa na mwanamume. Najua mashamba mengi ya huko bado yanaitwa ya marehemu au ya ukoo, na shemeji wana maneno. Ndiyo sababu nyingine ya kulifuatilia, safari iwepo isiwepo. Hati ikichelewa, pata barua ya serikali ya kijiji. Hapa nakuomba uwe mkali kidogo na mtendaji wako. Barua za kawaida husema tu kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wetu na apewe msaada, halafu muhuri. Haisaidii. Yako iseme shamba liko kitongoji gani, lina ukubwa gani, unalima nini, umeishi hapo tangu mwaka gani, unaishi na nani, na nani atalitunza ukiwa safarini. Kama una mjukuu mwingine unayemsomesha, lete barua ya shule. Kama una kitabu cha kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, kilichochakaa kwa mihuri ya kila wiki, nakithamini kuliko zile milioni nane. Risiti za mbolea, malipo ya wanunuzi yaliyopita kwenye simu, chapisha vyote. Vilivyo kwa Kiswahili vitafsiriwe. BAKITA wanafanya kazi hiyo na muhuri wao unaheshimika.

Kisha tazama majina. Cheti cha kuzaliwa cha binti yako ndicho kinachothibitisha kwamba wewe ni mama yake, na akina mama wa rika lako mara nyingi wameandikwa humo kwa jina la utotoni huku pasipoti ikiwa na jina lingine. Kama ndivyo ilivyo kwako, kula kiapo kwa wakili au mahakamani, kiapo kieleze kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Upande wa fedha mwachie binti na mumewe, ila waufuate kisheria. Waende ofisi ya wageni ya mji wao, waonyeshe mishahara yao na watie sahihi hati ya kubeba gharama zako zote. Wajerumani wanaiita Verpflichtungserklärung. Ada yake ni yuro 29. Wakutumie nakala halisi, siyo picha ya WhatsApp. Ukiwa na hati hiyo hakuna haja ya kujitia tajiri. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Ada ya viza kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudi hata ukinyimwa.

Kile kibali cha kwenye simu alichokisikia mkweo, ETIAS, ni cha raia wa nchi zisizohitaji viza kuingia Ulaya. Tanzania haimo. Atakayekuuzia anakuuzia upepo.

Zamani mtu aliyenyimwa na Wajerumani aliweza kuandika barua ya malalamiko bure. Utaratibu huo umefutwa tangu Julai 2025. Kilichobaki ni kufungua kesi Berlin, na sikushauri. Omba upya. Sheria haikuwekei muda wa kungoja, ila hakikisha karatasi zimebadilika. Usifiche kwamba ulinyimwa, wanajua. Na safari hii punguza siku. Omba wiki sita, baada ya masika na kabla ya kuandaa mashamba ya vuli, na useme hivyo hivyo kwenye barua yako. Mtu anayepanga safari kwa kufuata msimu wake ana cha kurudia. Maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na majibu huchukua siku 15, pengine hadi 45, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege isiyorudishwa.

Wakikunyima tena, mjukuu aje yeye. Akiwa na pasipoti ya Kijerumani atahitaji viza yetu, dola 50, inaombwa mtandaoni kwa Idara ya Uhamiaji. Hatutamdai hati ya shamba.

Lakini huo ni mpango wa pili. Wa kwanza ni pasipoti, halafu ofisi ya kijiji, na uende asubuhi kabla mtendaji hajatoka kwenda wilayani.