Mshale Huongozwa na Mkia: Maarifa ya Kuchagua Manyoya na Koleo kwa Shabaha ya Mbali

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo humfaa sana mvivu apitishaye masika yote akitafuta jembe jema. Lakini kwa mpiga upinde mambo ni mengine kidogo. Mkulima aweza kulilazimisha jembe baya likalima, kwa kuwa mkono wake hauachi mpini. Mpiga upinde, mshale ukishamtoka, hana tena amri juu yake. Kinachouamuru njiani ni kazi iliyofanywa nyumbani kabla ya kwenda uwanjani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mkia.

Na itwaliwe, kwa mfano tu, habari ya kijana anayekaa Mosocho, karibu na mji wa Kisii. Kijana huyo ana upinde mzuri wa mti na mishale sita. Kwa umbali wa mita 20 hupiga shabaha vizuri, hata wenzake humsifu. Siku moja akasogea nyuma mpaka mita 70, akapiga yote sita. Miwili ilichoma shabaha, mitatu ikaanguka majanini huku na huku, na wa sita ukaruka ua ukaangukia katika chai ya jirani, mahali watu walipokuwa wakichuma. Hakuna aliyeumia. Lakini kijana alirudi nyumbani amenywea, akamwendea babu yake.

"Babu, upinde huu una kasoro. Nataka kuuuza."

"Mjukuu wangu," akajibu mzee, "usiuze ng'ombe kwa kosa la kamba. Niletee mishale niione."

Mzee akaipanga mishale juu ya mkeka, wala upinde hakuutazama. Yafaa kueleza alichokuwa akikitafuta.

UMBALI HUFICHUA KOSA

Mshale unaokwenda upande kwa digrii moja tu, kwa umbali wa mita 10, hukikosa kitovu cha shabaha kwa sentimita 17 hivi. Kosa hilo hilo, kwa umbali wa mita 70, huwa sentimita 122. Sasa, mita 70 ndio umbali wa mashindano ya Olimpiki, na upana wote wa shabaha yake ni sentimita 122. Duara la katikati, lenye pointi 10, lina upana wa sentimita 12.2 tu. Huo ndio umbali aliopiga Shehzana Anwar, Mkenya aliyeibeba bendera ya nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Basi kosa la digrii moja, ambalo kwa karibu halimwaibishi mtu, kwa mbali huutoa mshale nje ya shabaha kabisa.

Wawindaji wa zamani wa Afrika ya Mashariki walilijua jambo hili, nao walilikwepa kwa kunyatia. Waata wa nyika ya Tsavo walikuwa na pinde ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi, na kwa pinde hizo na sumu waliangusha tembo. Hata hivyo hawakupiga kwa mbali. Walimsogelea mnyama mpaka karibu sana, ndipo wakaachia. Desturi hiyo ilifundisha ukaribu na uvumilivu. Mchezo wa shabaha ya mbali ni elimu nyingine, tena una masharti yake.

KAZI YA MANYOYA

Upote, yaani uzi wa upinde, unapousukuma mshale kwa ghafula, ufito wa mshale hupinda. Hutoka upindeni ukijinyonganyonga kama samaki majini, na mkia wake huelekea kuyumba. Hapo ndipo manyoya hufanya kazi. Mkia ukienda upande, upepo wa mwendo huyapiga manyoya na kuurudisha nyuma ya kichwa. Kadhalika, manyoya yaliyobandikwa kwa mshazari kidogo huuzungusha mshale, na mshale unaozunguka hushika njia vizuri zaidi, maana kasoro ndogo za ufito hazipati nafasi ya kuuvuta upande mmoja.

Lakini msaada huo una bei. Manyoya yanayourudisha mkia ndiyo pia yanayouzuia mshale. Manyoya makubwa huunyosha mapema, nayo yafaa kwa shabaha ya karibu au kwa kichwa kipana cha chuma. Kwa mbali, manyoya hayo hayo hupunguza mwendo, mshale ukaanguka kabla ya wakati, na upepo wa ubavuni huyashika kama tanga la jahazi. Kanuni basi ni hii: kwa shabaha ya mbali, chagua manyoya madogo kabisa ambayo bado yanatosha kuunyosha mshale. Kwa mishale ya mti, wengi huanza na urefu wa inchi 4 au 5, kisha hukata kidogo kidogo na kujaribu, mpaka waone mshale waanza kuyumba. Hapo hurudi hatua moja.

JINSI YA KUYACHAGUA

Kwanza, manyoya ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja. Unyoya wa bawa la kulia umepinda kwa asili upande mmoja, na wa kushoto umepinda upande mwingine. Ukiyachanganya, moja huuzungusha mshale kulia na jingine kushoto, na mshale hukosa mwongozo. Mzee wa Mosocho aliikuta mishale miwili ya mjukuu wake ina kosa hili.

Pili, yawe sawa kwa urefu, kwa kimo na kwa uzito, katika mshale mmoja na katika mishale yote ya podo. Mishale isiyofanana haiwezi kumfundisha mtu, kwa sababu hajui kama aliyekosa ni yeye au ni mshale.

Tatu, yawe matatu, yaliyoachana sawasawa kuuzunguka ufito. Moja lisimame kuelekea nje, mbali na upinde, ili mawili yaliyobaki yapite kandokando ya mti wa upinde bila kugonga. Yaachiwe nafasi ya vidole nyuma yake, kiasi cha sentimita 2 au 3 kutoka mwisho wa mshale.

Nne, yatoke kwa ndege wa kufugwa. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, nchini Tanzania, hutumia manyoya ya ndege kama kanga, na Waingereza wa zamani walipenda ya bata bukini. Unyoya mpana wa bawa la bata mzinga au bata bukini huwa imara, nao hupatikana bila kumdhuru tai wala ndege mwingine wa porini alindwaye na sheria.

MVUA NA PLASTIKI

Nchi ya Kisii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nayo haina kiangazi kirefu. Unyoya ukilowa hulala juu ya ufito, ukawa mzito, wala hauongozi tena. Ukishakauka, waweza kuurudishia umbo lake kwa kuupitisha juu ya mvuke wa birika.

Kwa sababu hiyo wengine huchagua mabawa ya plastiki, ambayo hayajali mvua. Wapigaji wa Olimpiki hutumia mabawa membamba, mepesi, yaliyojikunja, yenye urefu wa karibu inchi 2. Lakini hapa yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Plastiki ya kawaida ni nzito kuliko unyoya, na uzito wa mkia hupunguza faida ya kichwa kilicho kizito. Tena plastiki haikunjiki inapogusa. Unyoya ukisugua mkono au mti wa upinde hujilaza ukapita. Plastiki hugonga, na mkia ukarushwa upande. Basi anayepiga mshale ukiwa juu ya mkono wake, kama yule kijana, na abaki na manyoya. Mwenye upinde wa kisasa, wenye kishikio maalumu cha kuulaza mshale, ndiye anayeweza kutumia plastiki kwa faida.

KOLEO

Koleo ni lile pengo la mwisho wa mshale linaloupokea upote. Watu wengi hulidharau kwa kuwa ni dogo, nalo ndilo kitu cha mwisho cha mshale kuachana na upinde. Likiwa limekaa upande, mshale husukumwa upande tangu mwanzo, na manyoya hulazimika kusahihisha kosa ambalo halikupaswa kuwapo.

Koleo liwe katikati kabisa. Uweke mshale juu ya kucha mbili, uuzungushe, na ulitazame koleo. Likitikisika, limepinda.

Lisibane mno wala lisilegee. Kipimo chake ni rahisi: uning'inize mshale kwenye upote kwa koleo lake, kisha upige upote kwa kidole. Mshale ukae bila kuanguka kabla ya kupiga, na uanguke mara upigapo. Ukikataa kuanguka, koleo labana, nalo litauchelewesha mshale kuondoka, kila mara kwa kiasi tofauti. Ukianguka wenyewe, koleo limelegea. Hilo ni hatari kubwa zaidi, kwani mshale waweza kuteleza ukatoka, na upinde ukaachiwa mtupu. Upinde ulioachiwa mtupu huweza kuvunjika mikononi mwa mwenyewe.

Anayechonga koleo katika mti na alikate kwa kuvuka mistari ya ukuaji wa mti, wala asiifuate, la sivyo upote hupasua mti kama kabari ya kuchanjia kuni. Kina cha milimita 6 hadi 9 chatosha. Kisha afunge uzi imara au ukano chini ya pengo. Waingereza wa zamani walifanya zaidi. Katika merikebu yao ya vita iitwayo Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, ilipatikana mishale kwa maelfu, na mingi ilikuwa imetiwa kipande chembamba cha pembe katika koleo ili mti usipasuke.

Mwisho, upote uwe na alama ya mahali pa kukaza koleo, kwa kawaida milimita 6 hadi 10 juu ya mahali ambapo mshale ungekaa mraba na upote. Bila alama, kila mshale huondoka mahali pake.

JARIBIO LA MSHALE MTUPU

Ipo njia ya kuujua ukweli bila kubahatisha. Toa manyoya ya mshale mmoja, uupige pamoja na mitatu yenye manyoya, kwa umbali wa mita 18 au 20, shabaha ikiwa laini na nyuma yake pakiwa salama. Mshale mtupu hauna wa kuuficha aibu yake. Ukichoma juu ya wenzake, alama ya upote iko chini mno, nayo ipandishwe. Ukichoma chini yao, ishushwe. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, ukichoma kushoto, ufito ni mgumu mno kwa upinde ule; ukichoma kulia, ufito ni laini mno. Haya yakisha kutengenezwa, manyoya madogo yatatosha. Kumbe mtu anayehitaji manyoya makubwa sana, mara nyingi anafunika kosa la koleo au la ufito.

DENI KWA JIRANI

Yule mzee alipomaliza ukaguzi, alitenga mishale miwili yenye manyoya yaliyochanganywa, miwili ambayo makoleo yake yalibana, na mmoja uliokuwa na ufa mwembamba kama unywele katika koleo. Huo ndio uliokwenda chai ya jirani.

"Mmoja tu ndio mzima," akasema. "Nawe umekuwa ukimlaumu upinde."

"Nimekosa, Babu."

"Kwangu hukukosa. Nenda kwanza kwa jirani, ndipo urudi tukate manyoya."

Mzee alisema kweli. Kaunti ya Kisii, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba. Hakuna nyika tupu ya kupokea mshale uliopotea. Nyuma ya kila ua pana shamba, na shambani pana mtu. Wala hakuna sababu ya kumfuata mnyama, kwani uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Kwa hiyo mwenye upinde achague mahali penye kilima nyuma ya shabaha, asipige mpaka ameona nafasi yote mbele yake i wazi, na aihesabu mishale kabla na baada. Wenye koleo la ufa na uvunjwe siku ile ile, usije ukarudi podoni kwa kusahau.

Kijana alifanya kazi jioni tatu. Siku ya nne alianza tena kwa mita 20, akaenda 40, na mwisho akasimama mita 70, na kilima mbele yake. Alikuwa na mishale mitano. Minne ilichoma shabaha, na wa tano ukaanguka chini yake kidogo. Hakuna uliopita ua. Upinde haukuuzwa.