SOMO: KUACHA KAZI YA MSHAHARA NA KUANZISHA SHUGHULI NYUMBANI

Makatibu wa vyama wanaombwa kulisoma somo hili katika mkutano wa wanachama, kipengele kimoja baada ya kingine, na kuwapa wanachama nafasi ya kujadili maswali yaliyo mwishoni.

Ni jambo la kawaida siku hizi kwa mwanachama kufika ofisini kwa katibu akiwa na barua mbili mkononi. Ya kwanza ni ya kumwarifu mwajiri kwamba anaacha kazi. Ya pili ni ya kuomba mkopo wa kujengea banda la kuku, kununulia cherehani au kuanzishia shughuli nyingine ya nyumbani. Sababu anayoitoa aghalabu ni moja: watoto. Mzazi akaaye Sakina na kufanya kazi upande wa pili wa mji huondoka watoto wangali wamelala, na hurudi wamekwisha kulala. Mshahara ni mdogo, kazi yenyewe haimpi raha, na mwanawe analelewa na mtu mwingine. Hakuna mwenye haki ya kumcheka mzazi wa namna hiyo. Lakini chama kinao wajibu wa kumsaidia apige hesabu kabla barua ya kwanza haijafika kwa mwajiri, maana wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

1. Jambo hili si geni

Watanzania wameacha kazi za mshahara kwa ajili ya familia zao tangu zamani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa Arusha, ilivunjika, na watumishi wake wengi wakapoteza ajira. Baadaye ikaja vita dhidi ya Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979, kisha uhaba wa bidhaa na kupanda kwa bei katika miaka ya 1980. Mshahara uliokuwa ukilisha nyumba mwezi mzima ukawa hautoshi hata kwa wiki chache.

Katika miaka hiyo ndipo neno «mradi» lilipopata maana mpya mitaani. Mradi ulikuwa kuku wa nyuma ya nyumba, maandazi ya asubuhi, ushonaji, bustani ya mboga au ng'ombe mmoja wa maziwa. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyewahoji wakazi wa Manzese na Buguruni mjini Dar es Salaam mwaka 1987 na 1988, aliandika jinsi mapato ya shughuli hizo, nyingi zikiwa mikononi mwa wanawake, yalivyozidi mishahara katika kuzitunza familia, na jinsi baadhi ya waajiriwa walivyoziacha kazi zao ili kuzishughulikia. Watumishi waliofungwa na Mwongozo wa Viongozi uliotangazwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967 hawakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili wala kuajiri watu kwa faida yao. Hata hivyo, nyumba nyingi za watumishi ziliendeshwa kwa mradi wa mke. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 katika kikao cha Zanzibar.

Fundisho la miaka ile ni kwamba shughuli ya nyumbani inaweza kabisa kulisha familia. Lakini wengi walianza mradi wangali kazini, na waliacha kazi baada ya mradi kusimama. Mpangilio huo ndio ulio salama.

2. Kwanza zijulikane haki

Wako wanaoacha kazi kwa kutojua haki zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua mapacha. Baada ya kurejea kazini, mama anyonyeshaye anayo haki ya kupewa muda wa kunyonyesha, usiozidi saa mbili kwa siku. Mama ambaye shida yake yote ni kunyonyesha huenda akaikuta dawa humo, pasipo kuacha kazi.

Anayeamua kuacha kazi ya mshahara wa mwezi anapaswa kutoa taarifa isiyopungua siku 28. Aombe hati ya utumishi, kwani atakuja kuihitaji. Malipo ya kuachishwa kazi yaliyotajwa katika sheria hiyo ni ya mtu aliyeachishwa na mwajiri. Aachaye kwa hiari yake asiyaingize katika hesabu ya mtaji. Kadhalika afike mwenyewe katika mfuko wake wa hifadhi ya jamii, aulize michango yake imefikia kiasi gani, ni lini atastahili kulipwa, na atawezaje kuendelea kuchangia akiwa amejiajiri. Asitegemee maneno ya barazani.

3. Mshahara halisi ni upi?

Mtu hulinganisha mshahara na faida ya mradi, lakini mara nyingi hulinganisha visivyolingana. Mshahara unaofika nyumbani si ule ulioandikwa katika barua ya ajira. Na uchukuliwe mshahara baada ya makato, kisha itolewe nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, mavazi ya kazini, na malipo ya msaidizi wa nyumbani ikiwa ameajiriwa kwa sababu ya kazi hiyo. Kinachobaki ndicho mshahara halisi. Baadhi ya wanachama watashangaa kuona jinsi kilivyo kidogo. Wengine watagundua kwamba bima ya matibabu waliyoipata kazini ilikuwa na thamani kubwa kuliko walivyodhani, maana wakiondoka watailipia wenyewe au watabaki bila bima.

4. Mfano wa kuku 100 wa mayai

Na uchukuliwe mfano wa mama wa Sakina mwenye kiwanja kidogo, anayetaka kufuga kuku 100 wa mayai. Hesabu ifuatayo imefanywa kwa mifuko na trei ili kila chama kiweke bei ya siku hiyo katika soko lake, Kilombero, Ngaramtoni au kwingineko.

Kifaranga wa mayai huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 18 hadi 20. Kabla ya hapo hula bila kurudisha kitu. Kuku mmoja hula kama kilo 8 hadi kufikia wiki ya 20. Kuku 100 watakula kilo 800, yaani mifuko 16 ya kilo 50. Kuna pia gharama za vifaranga wenyewe, banda, joto la wiki za kwanza, maranda, vyombo, na chanjo za mdondo na gumboro zitolewazo kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo. Kwa hiyo familia itakaa karibu miezi mitano bila yai hata moja, na ikiwa mama ameacha kazi siku ile ile vifaranga vilipoletwa, itakaa miezi hiyo bila mshahara pia. Hapa ndipo miradi mingi hufia. Chakula cha kuku hupunguzwa ili watoto wapate unga, kuku hudhoofu, na hatimaye huuzwa kwa nyama kabla hawajataga.

Kuku wakianza kutaga, kila mmoja hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 100 hula kilo 12, na mfuko mmoja hutosha siku nne na kidogo. Wakitaga vizuri, yaani mayai 80 kwa siku, mfuko mmoja wa chakula hurudisha mayai yapatayo 333, sawa na trei 11. Kanuni hii ni nyepesi kukumbukwa: mfuko mmoja, trei kumi na moja.

Sasa mwanachama aulize: kwa bei ya leo, mfuko mmoja hununuliwa kwa trei ngapi? Ikiwa ni trei 8, zinabaki trei 3 kwa kila mfuko. Kwa mwezi kuku hao hula mifuko 7 na kilo 10, hivyo hubaki trei kama 22. Katika trei hizo 22 zitoke dawa, maranda, maji, umeme, usafiri, marejesho ya mkopo, na akiba ya kununulia kuku wapya, kwa kuwa hawa wa sasa watapungua kutaga baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho mshahara mpya wa mama. Na ulinganishwe na mshahara halisi wa kipengele cha 3.

Ikitokea utagaji ukashuka hadi mayai 60 kwa siku, mfuko mmoja utarudisha trei 8 tu na mayai machache. Chakula kitakuwa kimemeza karibu kila kitu. Asiyeandika idadi ya mayai kila siku hataliona jambo hilo mpaka deni limemfika shingoni. Mali bila daftari huisha bila habari.

5. Mkopo na wadhamini

Kipengele hiki kinawahusu makatibu zaidi. Katika vyama vya akiba na mikopo vya mahali pa kazi, marejesho hukatwa katika mshahara. Siku mwanachama anapoacha kazi, makato hukoma, lakini deni halikomi. Wadhamini wake, ambao nao wana watoto, ndio watakaofuatwa. Urafiki wa miaka mingi huvunjika kwa njia hiyo.

Kwa hiyo mwanachama anayekusudia kuacha kazi akiarifu chama kabla ya kumwarifu mwajiri. Katibu amwoneshe salio la mkopo, hisa zake na akiba zake. Wadhamini waitwe na waelezwe ukweli. Utaratibu mpya wa marejesho uandikwe, usainiwe, na upelekwe mbele ya kamati husika. Masharti ya chama yasomwe pia, kwani vyama vingine vina wanachama wa mwajiri mmoja tu, na anayeondoka huenda akalazimika kuhamia chama cha mtaani kwake.

Mkopo mpya nao utolewe kwa kufuata kalenda ya mradi. Kumkopesha mtu fedha za kuku wa mayai na kumtaka aanze kurejesha mwezi unaofuata ni kumfundisha kulipa deni kwa mtaji. Ama marejesho yaanze kuku wakiwa wanataga, ama mkopaji awe na pato jingine linalojulikana. Kamati isione haya kuuliza swali hili: katika miezi mitano ya mwanzo, nyumba hii itakula nini?

6. Nyumbani ni mahali pa kazi

Anayefanya kazi nyumbani huonekana hana kazi. Mgeni hufika wakati wowote, jirani huomba yai moja la kukopa, na ndugu wa mume hutuma mtoto wake aje kukaa kwa kuwa «mama yupo nyumbani». Ni lazima mume na mke wakubaliane mapema juu ya saa za kazi, nani atanunua chakula cha mifugo, na fedha zitakaa kwa nani. Fedha za mradi zitenganishwe na fedha za jikoni. Mayai yaliwayo nyumbani yaandikwe kama yaliyouzwa, na mama ajiwekee mshahara wake, hata uwe mdogo. Watoto wanaweza kusaidia baada ya masomo, lakini si haki mradi ulioanzishwa kwa ajili yao ugeuke kuwa sababu ya wao kukosa shule.

Majirani wasisahauliwe. Viwanja vya Sakina vimesongamana, na banda lisilosafishwa ni ugomvi. Masharti ya ufugaji yaulizwe katika ofisi ya kata kabla ya kujenga.

7. Peke yake, au pamoja?

Mtu aliyeacha kazi hujikuta peke yake. Mfukoni ana trei chache, na mchuuzi ndiye apangaye bei. Hapo ndipo ushirika una kazi. Wanawake wa Nronga, katika wilaya ya Hai, waliunda chama chao cha maziwa mwaka 1988. Ng'ombe walibaki katika mazizi ya nyumbani, lakini maziwa yalikusanywa na kuuzwa kwa pamoja. Familia kumi za Sakina zinazofuga kuku zinaweza vivyo hivyo kununua chakula kwa pamoja, kumwita mtaalamu wa chanjo siku moja, na kupanga zamu za kuleta vifaranga ili mteja wa hoteli au wa shule asikose mayai mwezi wowote.

Kuacha kazi kwa ajili ya watoto ni uamuzi wa heshima. Ufanywe kwa daftari, kwa makubaliano ya nyumbani, na kwa akiba ya miezi isiyopungua mitano. Anayeona hesabu yake haijatimia asikate tamaa. Aanze na kuku 20 angali kazini, ajifunze hasara ndogo kabla ya kubwa, na aiweke barua yake kabatini mpaka daftari limpe ruhusa.

Maswali ya kujadiliwa

1. Piga hesabu ya mshahara wako halisi kwa kufuata kipengele cha 3. Ni kitu gani ulikuwa umekisahau?
2. Kwa bei ya wiki hii, mfuko wa chakula cha kuku hununuliwa kwa trei ngapi? Je, kuku 100 wanaweza kulisha familia yako?
3. Mwanachama ameacha kazi bila kuarifu chama na bado anadaiwa. Kamati ifanye nini ili deni lirudi, wadhamini wasiumie, na mradi wake usife?
4. Ni shughuli zipi za nyumbani katika eneo lenu ambazo hazihitaji kungoja miezi mitano?
5. Chama chenu kinaweza kununua au kuuza kitu gani kwa niaba ya wanachama waliojiajiri nyumbani?