Wageni wananiuliza kuhusu ngozi yangu

Swali: Nina vitiligo usoni. Kwenye daladala watu nisiowajua huniuliza kama niliungua, wengine huhama kiti. Sasa natoka nyumbani kwa shida. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

Jibu: Pole sana, dada. Kuumia ni haki yako. Kaa na jibu fupi: "Ni vitiligo, haiambukizi." Anayeuliza kwa wema hutosheka. Anayekejeli humdai wala hakudai, mwache. Ila usijifungie, maana kadiri unavyokwepa watu ndivyo hofu inavyokua. Anza kutoka na mtu unayemwamini.

Kwenye vitiligo, chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi ndizo zimepotea, na mabaka ya usoni mara nyingi hukubali tiba zaidi kuliko ya vidoleni. Tafadhali muone daktari wa ngozi mapema, na usipake mikorogo ya mitaani.