"Na" ama "Au"? Hesabu za Vijiti Viwili

Mwanafunzi mwenzangu, wapo wanaodai kwamba hisabati haisomeki kwa Kiswahili. Hebu tuijaribu leo, tena kwa zile hesabu za vijiti viwili zinazotutoa jasho.

Vijiti hivyo, | |, huonyesha thamani kamili ya nambari, yaani umbali wake kutoka sufuri. Umbali hauwi hasi: |4| ni 4, na |−4| pia ni 4. Tuseme shule iko kwenye sufuri. Anayekaa kilometa 4 mashariki na anayekaa kilometa 4 magharibi, wote wana mwendo sawa wa kufika darasani.

Sasa tazama: |x − 3| < 5. Isome hivi: "Umbali kati ya x na 3 ni chini ya 5." Simama kwenye 3. Rudi nyuma hatua 5, utafika −2. Nenda mbele hatua 5, utafika 8. Basi x ni kubwa kuliko −2 NA ni ndogo kuliko 8. Kwa ufupi: −2 < x < 8. Masharti yote mawili lazima yatimizwe.

Je, alama ikigeuka ikawa |x − 3| > 5? Hapo x iko nje ya mipaka: x < −2 AU x > 8. Hapa ndipo wengi wetu huteleza na kuandika 8 < x < −2. Jamani, ni nambari gani iliyo kubwa kuliko 8 na papo hapo ni ndogo kuliko −2? Haipo!

Tufanye nyingine: |2x + 1| ≤ 7.

−7 ≤ 2x + 1 ≤ 7
Toa 1 kila upande: −8 ≤ 2x ≤ 6
Gawanya kwa 2: −4 ≤ x ≤ 3

Hakikisha: x ikiwa 3, tunapata |7|, sawa. Ikiwa −4, tunapata |−7|, ambayo pia ni 7.

Nayo |x| < −2? Usijisumbue, haina jawabu, maana hakuna umbali ulio chini ya sufuri.

Zoezi: |x + 2| > 6. (Jibu: x < −8 au x > 4.)

Umeona? Vijineno viwili tu, "na" na "au", ndivyo vinavyoamua alama zako. Anayekijua Kiswahili vyema tayari ameshika nusu ya hesabu hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi chukua kalamu sasa, usingoje mtihani!